Glavu za Jumamosi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Violina alipiga magoti mbele ya jiko la kuni na kuchokonoa majivu. Mama yake, Stoyanka, alikuwa ameshatoka na giza kwenda kiwanda cha soksi, na nyumba ilikuwa baridi kiasi cha mtu kuona pumzi yake. Violina aliwasha moto, akala mkate na jibini, akafunga mlango na kushuka ngazi mbiombio.

Ghorofa ya chini aliishi Ginka, mama mtu mzima aliyefanya usafi posta. Hakuwa ndugu wa damu, lakini Violina alimwita shangazi. Tangu baba yake Violina afariki, Ginka alikaa na ufunguo wao wa akiba. Mchana alipanda kuongeza kuni jikoni ili mtoto akirudi akute joto.

"Umevaa kofia?" Ginka aliuliza asubuhi ya Jumatatu moja kutoka nyuma ya mlango wake.

"Nimevaa, Shangazi!"

"Muongo wewe! Itoe mfukoni uivae."

Violina aliivaa akicheka. Kicheko hicho hakikufika mbali.

Darasa lao lilikuwa likijiandaa kwa safari ya mlimani kucheza kwenye theluji, na Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa. Violina alikuwa amedunduliza hela alizopewa siku yake ya kuzaliwa. Zilipungua kidogo tu. Alipomwomba mama yake amalizie, Stoyanka alitikisa kichwa. "Kuni kwanza, mwanangu. Mwezi huu haiwezekani." Violina hakuomba tena, kwa sababu aliamini.

Siku ile ya Jumatatu, wakati wa mapumziko, Plamen alimsogelea. Plamen alikuwa na tabia ya kusema mambo ya watu kwa sauti ya kusikiwa na darasa zima.

"Eti bado hujalipa, Violina? Mbona Jumamosi nilimwona mama yako kwenye duka la keki pale darajani? Amekaa kama mke wa waziri, kahawa huku, keki ya chokoleti huku. Na glavu nyekundu za ngozi!"

"Hakuwa mama yangu."

"Basi ana pacha. Nyie wala si watu wa Gabrovo bwana! Paka wenu lazima bado ana mkia."

Darasa likaangua kicheko. Watu wa Gabrovo, mji wao, hujitania wenyewe kwa ubahili. Husema kwao paka hukatwa mkia ili akipita mlango ufungwe upesi, joto lisitoroke. Violina alikuwa ameusikia utani huo tangu akiwa mtoto mchanga, lakini siku hiyo ulimchoma.

Jumamosi yeye huwa kwenye mazoezi ya kwaya hadi jioni. Mama alikuwa akisema anapumzika nyumbani.

Aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la mama yake. Nyuma ya mashuka ya baridi alikuta kasha la viatu. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha manukato, nusu ya chokoleti iliyokunjwa vizuri kwenye karatasi yake, na glavu nyekundu za ngozi zenye sufi laini kwa ndani. Kumbe kweli! Kuni kwanza, eh? Hakungoja mama arudi amuulize. Alizichomoa glavu, akalirudisha kasha mahali pake, akatoka.

Mwenye duka la mitumba karibu na soko alizigeuza glavu huku na huku. "Mama anajua?"

"Anajua," Violina alisema. "Zinambana."

Kesho yake alimlipa Mwalimu Mihova hela yote ya safari. Alitegemea kufurahi. Badala yake, kila mama yake alipokaribia lile kabati wiki hiyo, mikono ya Violina iliingia ubaridi, hata akiwa karibu na moto.

Jumamosi ikafika. Mazoezi ya kwaya yaliahirishwa, Violina akawa nyumbani. Alimsikia mama yake akifungua kabati. Kisha mashuka yakaanza kutupwa kitandani, moja baada ya jingine.

"Violina, umegusa kabati langu?"

"Hapana, Mama."

"Una hakika?"

"Niguse kwa nini?"

Stoyanka alikaa kitandani katikati ya mashuka, mikono yake imelala mapajani. Ilikuwa mikono mikavu iliyopasuka kwenye vifundo. Violina alitazama pembeni.

"Haya," mama alisema hatimaye. "Twende tukachukue kuni."

Walikuwa wakipanda kutoka stoo ya chini, Stoyanka amekumbatia mzigo wa kuni na Violina akiwa na kikapu, mlango wa nje ulipofunguliwa. Ginka aliingia kutoka sokoni, theluji mabegani, mikononi amevaa glavu nyekundu.

Stoyanka akasimama. "Umezipata wapi hizo?"

"Nzuri, eh?" Ginka alivinyoosha vidole vyake kwa maringo. "Nimezipata mitumba. Nikajisemea, Ginka, umedeki posta miaka yote hii, vidole vyako navyo ni watu!"

"Kidole gumba cha kushoto kina mshono mweusi. Niliushona mwenyewe."

Ginka akakigeuza kidole gumba. Mshono mweusi ulikuwapo. Tabasamu lake lilififia taratibu.

"Stoyanka, unaniuliza au unanishitaki?"

"Ufunguo wa nyumba yangu unao wewe."

"Ninao miaka mingapi? Nimewahi kukuchukulia hata njiti ya kiberiti? Halafu mwizi gani huvaa alichoiba akapita nacho mlangoni kwa mwenyewe?"

"Basi zilitembea zenyewe hadi mitumba!"

Violina alikishika kikapu kwa nguvu. Sema, moyo wake ulimwambia. Sema sasa hivi. Lakini aliinamisha uso kwenye kikapu.

Ginka alizivua glavu kidole kwa kidole, akaziweka juu ya kuni zilizokuwa mikononi mwa Stoyanka. Akautoa ufunguo kwenye mkufu wa funguo zake, akauweka juu ya glavu. "Kuanzia leo, moto wako utauangalia mwenyewe." Akaingia kwake na kufunga mlango polepole. Angeubamiza, ingekuwa afadhali.

Stoyanka alianza kupanda. Violina alibaki palepale.

"Panda, baridi hiyo."

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Glavu. Nilizipeleka mitumba mimi. Nikalipia safari."

Kuni zilimponyoka Stoyanka, zikabingirika ngazi nzima kwa kishindo. Mlango wa Ginka ukafunguka.

"Rudia," mama alisema. "Rudia, na yeye asikie."

Violina alirudia huku akilia, kisha hasira yote ya wiki nzima ikamtoka. "Ulisema hakuna hela! Ulisema kuni kwanza! Halafu unakula keki peke yako!"

Stoyanka akakaa kwenye ngazi, palepale kwenye vumbi la kuni.

"Ni kweli," alisema. "Nakula keki peke yangu. Wiki nzima naisikia mashine masikioni, hata nikilala. Jumamosi nakaa pale dirishani nusu saa, hakuna anayeniita wala kunituma. Glavu nilizinunua tangu vuli, nilipofanya zamu za ziada. Kuni tulizilipa, chakula tulikula. Sikukunyang'anya kitu, Violina. Lakini nilikuficha. Niliona aibu kana kwamba nimeiba." Akamgeukia jirani yake. "Na wewe, Dada Ginka, ungeziona glavu hizo hata mara moja mikononi mwangu, ungezitambua kule mitumba. Badala yake nimekuita mwizi. Nimekukosea."

"Umenikosea," Ginka alisema. "Na sitasema si kitu, maana ni kitu."

Siku hiyo hakuwakaribisha ndani.

Jumatatu Violina alibaki darasani wenzake walipotoka. Alimweleza Mwalimu Mihova jambo lote bila kupunguza, akaomba jina lake litolewe kwenye safari. Mwalimu akamrudishia hela. Plamen alipouliza kwa sauti kwa nini haendi, Violina alimjibu kwa sauti ileile, "Kwa sababu hela haikuwa yangu."

Ile sehemu ya hela aliyolipwa mitumba alimpelekea Ginka, kwa sababu Ginka ndiye aliyezinunua glavu. Ginka aliipokea, akashukuru, akafunga mlango. Kwa siku nyingi Violina alirudi kwenye nyumba baridi na kuwasha moto kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hakulalamika.

Basi la safari liliondoka Jumamosi yenye jua, siku isiyo na mazoezi ya kwaya. Violina alilisikia likipiga honi barabarani alipokuwa akifagia ngazi. Mama yake alishuka amevaa koti zuri, akasita.

"Twende wote leo?"

Violina alitamani sana kusema ndiyo. "Hapana, Mama. Nenda upumzike. Mimi nitakutayarishia supu."

Stoyanka alimbusu kwenye paji la uso, akatoka mchana kweupe, akiwasalimu majirani wote. Ginka alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai. Aliona yote.

"Njoo hapa," alimwambia Violina, akamwekea kiti. "Ule ufunguo wenu utaniletea jioni. Sasa nisikilize. Anayefanya kazi kwa jasho ana haki ya kujinunulia kitu kidogo cha kuuburudisha moyo, mradi nyumba imekula. Hilo mama yako hakupaswa kulifichaficha, naye amejifunza. Lakini wewe uliona nusu ya jambo, nusu nyingine ukaijaza kwa hasira. Wenzetu wanasema kuuliza si ujinga. Swali moja tu, Violina, ungemuuliza mama yako jikoni, mkagombana kidogo, yakaisha. Ulipokataa kuuliza, ukachukua. Ulipochukua, ukadanganya. Ulipodanganya, mimi niliyekupikia uji ulipougua nikawa mwizi."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nilikusamehe palepale ngazini, uliposema 'ni mimi'," Ginka alisema. "Nilikuwa nangoja tu nione kama utaendelea kusema kweli hata usipopata kitu."