Povu, Si Dawa ya Kunyolea

Uvumi huo niliukuta bombani, hapa Ngamiani: eti karatasi za mawimbi za darasa la sita zinachubua watoto mikono. Huyu anasema wino una sumu, yule anasema jini. Ya jini niliyacheka. Ya mikono yaligoma kunitoka kichwani, kwani binti yangu Samiha yuko darasa hilohilo.

Jioni nikamkuta uani na sinia bovu, wino na kijiti. Kazi yenyewe nzuri, jamani. Unatandaza povu, unadondosha wino, unavuta kijiti mpaka rangi zifanye mawimbi. Unalaza karatasi juu, unainua, unakwangua povu kwa rula. Mawimbi yanabaki.

Alipochanganya unga wa pakiti na maji, harufu ya yai viza ikanipiga.

"Samiha, usiguse! Umenunua nini?"

"Dawa ya kunyolea, mama. Mudathir ndiye aliyenielekeza."

Nikaisoma pakiti. Ni ule unga ambao wanaume hupaka ndevuni zinyonyoke bila wembe. Ukikaa mno kwenye ngozi, unaunguza!

Tukaenda mpaka kwa kina Mudathir, mwanafunzi mwenzake. Kijana kaficha mikono ndani ya kanzu.

"Shikamoo, Mama Samiha."

"Marahaba. Hebu nione viganja."

Vilikuwa vyekundu, vimechubuka.

"Ni wino kweli?" nikamuuliza.

Akainama. "Si wino. Mwalimu Ritha alisema povu la kunyolea, mie dukani nikaomba dawa. Muuzaji akanicheka: 'Unanyoa nini wewe, kidevu kama yai?' Watu wote wakaangua kicheko. Nikachukua nilichopewa, nikakimbia. Nilipoungua nikasema ni wino, nisichekwe tena."

Samiha akamkazia macho. "Nami ulishanielekeza dawa hiyohiyo, ukaniacha hivihivi?"

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Nikishaungua?"

Mama yake Mudathir alimpeleka zahanati saa ileile. Asubuhi, Mudathir alisimama mwenyewe mbele ya darasa akaeleza yote. Kweli walimcheka, "Kidevu yai!", mpaka naye akacheka. Kisha Mwalimu Ritha akatoa mkebe wa povu lenyewe, jeupe, linalonukia sabuni. Karatasi ya Samiha ikatoka na mawimbi ya buluu na kijani, mikono mizima.

"Kuchekwa hakumchubui mtu," mwalimu akawaambia. "Ukikosea, sema upesi. Mwenzako anakuja nyuma yako, naye atafanya kosa lilelile."

Nami mzazi nawaonya, watoto wangu, epukeni haya:

- Kuomba "dawa ya kunyolea". Semeni povu, na msome mkebe kabla ya kulipa.
- Kitu chochote kinachonuka yai viza.
- Kujigusa macho au mdomo mkiwa na povu au wino mkononi.
- Kutumia sinia la kulia chakula.
- Kufanya kazi hii bila mtu mzima karibu.
- Kunyamaza mkiungua. Osheni kwa maji mengi, na mseme kweli ni nini kilichowaunguza.