Alama ya Ngamia kwenye Breki za Mwalimu

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi moja ya Machi 1996, Pijo 504 ya mwalimu Ndirangu iliteremka kutoka lango la shirika la visima mjini Garissa na haikusimama. Ilivunja mkokoteni wa punda, ikamwaga madramu manne ya maji, ikamvunja Arbia mwenye mkokoteni mguu, kisha ikajikita kwenye ukuta wa duka.

Mzee Ogle alipofika, mchanga ulikuwa bado unakunywa yale maji. Arbia alikuwa amebebwa kupelekwa hospitali huku akimtukana kila aliyemshika. Ogle alipoambiwa hivyo alishusha pumzi. Anayetukana, bado yupo.

"Ni wewe uliyebadilisha pedi za breki za gari hili?" Inspekta Abigael alimuuliza.

"Ni mimi. Alhamisi alasiri, uani kwangu."

"Una gereji?"

"Nina jeki."

"Cheti je?"

"Nimeendesha malori ya serikali miaka thelathini, afande. Vyeti wanavyo wakubwa. Kazi tulikuwa nayo sisi."

Inspekta hakucheka. "Saa tano kamili, kama huna maneno mengine, utalala ndani. Na huyo mama akizidiwa, hutatoka leo wala kesho."

Ogle aliyajua hayo. Chuma kikivunjika, wakubwa hutazama chini kumtafuta mwenye mikono michafu. Mkewe, Ebla, alikufa barabara ya Dadaab ndani ya gari la wagonjwa lililogoma breki, na karatasi zilisema breki zile zilibadilishwa mwezi uliotangulia. Nani alifungwa? Hakuna. Tangu hapo Ogle aliwafungia majirani breki bure, kwenye kivuli cha turubai, asije mke wa mtu mwingine akafa kwa sahihi ya uongo. Na leo yeye ndiye awe muuaji?

"Niruhusu nitoe gurudumu, hapa hapa mbele yako," alisema.

Aliinua gari kwa jeki, akafungua nati, akavuta pedi moja, akaigeuza mgongo. Akatoa ya pili, kisha zile mbili za upande wa pili. Zote nne zilikuwa zimekwisha, zimebaki karibu chuma kitupu.

"Wallahi, hizi si zangu."

"Kila fundi husema hivyo."

"Zangu zilikuwa mpya, zimeletwa na basi kutoka Nairobi. Na nyuma ya kila moja nilipiga alama kwa tupa. Mistari miwili imesimama, mmoja umelala chini yake. Ndiyo alama ya ngamia wa ukoo wetu."

Mwalimu Ndirangu, mwenye bandeji kwenye paji, alijongea. "Ni kweli, afande. Nilimwona akikwaruza, nikamcheka. Nikamwambia, mzee, hizi hazitapotea malishoni."

"Na breki zilishika siku hiyo?"

"Barabara! Alinikalisha akaniambia nikanyage pedali mara kumi kabla hata ya kuwasha gari. Jioni nikaliegesha humo ndani ya lango la shirika, maana pana mlinzi. Sijaligusa tena hadi leo. Leo nimetoka, nikakanyaga, mguu ukaenda hadi sakafuni. Nikakanyaga tena, tayari niko kwenye madramu."

Ogle aliitikia kwa kichwa. Sasa alielewa. Aliyeweka pedi zile za zamani hakukanyaga pedali baadaye. Pistoni zinazosukuma pedi zilibaki nyuma, mbali na pedi zilizolika. Mkanyago wa kwanza unakanyaga hewa.

"Brayo," Ndirangu alisema. "Fundi wa pale kituo cha mafuta. Alikasirika niliponunua pedi nikakupelekea wewe."

Brayo aliletwa saa mbili na nusu, mikono imejaa grisi, akaelezwa yote. "Mzee, ni kweli nilikuwa na hasira. Lakini mimi nisahau kupampu pedali? Hata nikiwa mlevi! Mwenye amefanya hii ni mtu wa kalamu."

Ogle alimtazama. Alikuwa hampendi, lakini fundi ni fundi, na jibu lilikuwa la fundi. Akamwomba Inspekta amwachie.

Saa tatu walimkuta mlinzi Mahat langoni, akaanza kujitetea hata kabla ya kuulizwa.

"Adeer, mzee wangu, mimi iko hapa usiku yote. Alhamisi, Ijumaa. Hakuna mtu amegusa gari ya mwalimu."

"Na mchana?"

"Mchana ofisi imejaa watu. Ijumaa tu, saa ya sala, mimi nafunga geti na nyororo, naenda msikiti. Funguo ni mbili. Moja yangu, moja ya bosi Shurie." Akaonyesha nguzo ya lango, chokaa imebanduka kwa urefu wa mkono. "Na hii pia nitakatwa mshahara. Bosi anasema lori ya maji imegonga. Mimi narudi kutoka sala, tayari imevunjika. Lori yenyewe iko Dadaab tangu Jumatano!"

Ogle aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo. Ulikuwa chini mno kwa lori. Uliishia gotini.

Ndani ya ua, Pijo 504 nyeupe ya shirika ilikuwa imewashwa, tayari kumchukua mkurugenzi kutoka Nairobi, kwenda naye kukagua visima. Bwana Shurie, mkuu wa magari, alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo.

"Warya, wewe Ogle! Nasikia umefunga breki za kichawi."

"Ijumaa saa ya sala ulikuwa wapi, bwana Shurie?" Inspekta aliuliza.

"Msikitini, kama Waislamu wote. Saa saba na nusu sala imekwisha, nikaenda nyumbani kula."

"Msikiti mkuu?" Ogle aliuliza.

"Kwani kuna mwingine wa kuswalia mtu kama mimi?"

"Jana baada ya sala imamu alitutoa sote uwanjani kuomba mvua. Tulisimama juani, viatu mkononi, mpaka saa nane. Wazee wawili walizirai. Hukuwaona?"

Shurie aligeukia kioo, akaanza kukifuta upya.

Ogle alizunguka mbele ya gari. Kwenye kona ya bampa kulikuwa na chokaa. "Afande, naomba jeki tena."

"Gari la shirika haliguswi bila ruhusa yangu!"

"Ruhusa ni yangu," Abigael alisema, akachomoa ufunguo kwenye swichi.

Dakika kumi tu. Ogle alivuta pedi, nene na mpya, akaigeuza. Mistari miwili imesimama, mmoja umelala chini yake.

Shurie alikaa chini kwenye ngazi ya ofisi. "Pedi za stoo ziliisha."

"Ziliisha au uliziuza?" Inspekta aliuliza.

"Niliziuza. Mkurugenzi akatuma simu kwamba anakuja. Gari halina breki, ningemwambia nini? Nilikopa tu za mwalimu. Ningezirudisha."

"Na ulipogonga nguzo," Ogle alisema polepole, "ulijua pedali inahitaji kukanyagwa kwanza. Ya mwalimu mbona hukuikanyaga?"

"Watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini. Nilidhani ataigundua hapa hapa langoni, kama mimi."

"Ulidhani." Ogle alitaka kusema mengi. Tangu kifo cha Ebla, miaka mitatu, alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia mkubwa mmoja, yeyote, na sasa yalimkaukia. Alichoona ni mtu aliyeogopa bosi wake kuliko alivyoogopa kuua.

Saa tano kamili Shurie ndiye aliyepanda gari la polisi. Kutoka hospitali kukaja habari kwamba mguu wa Arbia umefungwa plasta, na anadai madramu mapya manne kabla ya kumsamehe yeyote.

Alasiri, mbele ya lile duka, Inspekta alimrudishia Ogle pedi. "Alama ulifundishwa na nani?"

"Mke wangu. Wakubwa walipokuwa wakinibadilishia spea na kuniita mwizi, Ebla aliniuliza, ngamia wako wana alama, vyuma vyako kwa nini havina?"

Alizifunga pedi zote nne kwenye Pijo ya mwalimu, akaketi nyuma ya usukani, akakanyaga. Pedali ikashuka hadi sakafuni. Akakanyaga tena, ikaishia katikati. Mara ya tatu ikasimama juu, ngumu, ikausukuma mguu wake.

Aliuacha mguu pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Imeshika, Ebla," alisema, kisha akamwita mwalimu aje ajaribu mwenyewe.