Utepe Mweupe wa Colby

"Simu imekwenda kwa Hedström."

Colby Wasylyk alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha video, nywele bado zinachuruzika maji ya kuoga. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Mylène. Anayepitwa mara ya kwanza hulalamika. Anayepitwa mara ya tatu hunyamaza.

"Hedström?" Mylène aliuliza, kana kwamba hajui. "Yule anayejikwaa kwenye kivuli chake?"

"Huyohuyo. Beki wa timu kubwa kavunjika kifundo cha mkono, wamemwita yeye. Saa tisa anapanda ndege."

"Pole, mpenzi."

"Kosa langu nini, Mylène? Niambie wewe, maana wewe ndiye unayenitazama kila siku."

Mylène aligeukia kompyuta, akajifanya anatafuta kitu.

"Bega," alisema. "Wanasema bado huangalii bega."

Ngoja kwanza nikueleze hilo bega, maana ndilo lililovunja nyumba hata kabla haijapangwa. Katika mpira wa magongo wa barafuni, beki ndiye anayekwenda kuokota paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kikitupwa kwenye kona yake. Anakwenda ukutani amewapa wapinzani mgongo. Kabla hajaigusa, lazima ageuze uso aangalie juu ya bega, ajue nani anakuja kumponda na wapi pa kutokea. Colby alikuja Moncton, huku mashariki mwa Kanada, kutoka mashamba ya ngano ya Saskatchewan akiwa na kasi na nguvu za kutosha, ila bega alikuwa haangalii. Oktoba nzima alipondwa ukutani mpaka mashabiki wakaanza kumwonea huruma.

Aliyemfundisha kuangalia ni Mylène Doiron, binti wa hapahapa mjini, mkata video wa timu. Timu yenyewe ni ndogo. Kazi yake ni kuwalea vijana wa timu kubwa iliyoko Marekani, na wakubwa wa huko hawapendi kusafiri kwenye theluji. Kwa hiyo kila Jumapili Mylène anakata vipande vya mchezo wa kila kijana na kuwapelekea. Vipande kumi na viwili, basi. Kijana anaitwa juu au anaachwa kwa vipande hivyo.

Walikaa wawili mbele ya kioo cha kompyuta asubuhi baada ya asubuhi. "Simamisha hapo. Bega liko wapi?" "Sikuangalia." "Rudia." Kazi ikazaa mazoea, na mazoea, unajua mwenyewe, yakazaa mengine. Wiki ya kwanza ya Novemba Mylène akamwambia:

"Funga utepe mweupe kwenye gongo lako. Wenzako wote wanafunga mweusi. Nikikutafuta kwenye video nikuone mara moja."

"Unitafute wa nini, na namba hamsini na tano ninayo mgongoni?"

"Namba ni ya kila mtu. Utepe ni wangu."

Kuanzia siku hiyo Colby hakufunga mweusi tena. Wenzake wakamcheka chumba cha kubadilishia nguo: "Jamani, gongo la Colby limeolewa." Naye akacheka pamoja nao. Na bega akawa anaangalia, kila mara, kushoto na kulia, kama mtu anayevuka barabara na mtoto mgongoni.

Sasa kama alikuwa anaangalia, wakubwa walikuwa wanaona kosa lipi?

Hapo ndipo penye uchungu. Mwisho wa Novemba Mylène alipokea ujumbe kutoka timu kubwa: "Tunafikiria kumwita Wasylyk. Tutumie vipande vyake vya wiki hii." Alisoma mara mbili. Miaka miwili nyuma alikuwa na mchumba, kipa mmoja aitwaye Derrick Yuill. Derrick aliitwa juu. Mchezaji akiitwa juu hupangishiwa hoteli kwanza, anaishi na begi lake, kwa sababu siku yoyote anaweza kurudishwa. Siku wakubwa watakapomwambia "tafuta nyumba", ajue amefika, harudi tena. Derrick aliambiwa atafute nyumba. Akaitafuta, akaipata, na wa kuitundikia mapazia akampata hukohuko. Mylène alizipata habari kwa picha ya harusi kwenye simu.

Basi Jumapili ile alifungua vipande vya Oktoba, vile vya kupondwa ukutani, akabadilisha tarehe, akavituma. Alijiambia ni mara moja tu. Desemba akarudia. Januari akarudia. Mwanamke mzima, mwenye akili zake, alikaa akamfungia kijana wa watu njia kwa kidole kimoja, halafu jioni akampikia.

Siku ile ya Hedström Colby alikwenda kula kwake. Mama yake Mylène alikuwa ameleta sufuria ya fricot, mchuzi wa kuku na viazi, na Colby alikula kijiko baada ya kijiko.

"Mkataba wangu unaisha Aprili," alisema mwishowe.

Mylène aliweka kijiko chini. "Si ulisema una mwaka mwingine?"

"Nilikudanganya. Sikutaka uwe na wasiwasi. Wasiponiita msimu huu hawanisaini tena. Baba keshaniambia trekta linanisubiri."

"Aprili hii?"

"Aprili hii. Mbona umebadilika rangi?"

"Mchuzi wa moto."

Colby akamshika mkono juu ya meza. "Nisikilize. Siku wakiniambia nitafute nyumba, mtu wa kwanza kujua ni wewe. Kabla ya mama, kabla ya wakala wangu. Nakuahidi."

"Usiniahidi, Colby."

"Nimeshaahidi."

Usiku ule Mylène alikuwa na nafasi ya kusema. Hakusema. Alijiambia Jumapili atatuma vipande vya kweli, mambo yataisha kimyakimya, na Colby hatajua. Lakini za mwizi ni arobaini, na za Mylène ziliisha Ijumaa.

Réjean Gaudet, kocha wa mabeki, mzee asiye na meno ya mbele, alimwita ofisini baada ya mazoezi. Mezani kulikuwa na kompyuta mbili zimefunguliwa.

"Funga mlango, binti yangu. Kaa."

Mylène alikaa.

"Nimewapigia wale wakubwa jana. Nikawauliza, nyie mna macho au mna vifungo vya shati? Kijana anaangalia bega kuliko beki yeyote niliyemfundisha miaka ishirini, nyie mnamchukua Hedström. Wakaniambia, Gaudet, tunaona kwa macho yetu, haangalii. Nikawaambia nirudishieni hicho mnachokiona. Wakanirudishia."

Akageuza kompyuta moja.

"Hiki umeandika tarehe kumi na nne Desemba. Tazama gongo. Utepe wa rangi gani?"

Mylène aliangalia kompyuta ya pili.

"Nimekuuliza rangi."

"Mweusi."

"Na hiki cha Januari?"

"Mweusi."

"Vyote kumi na viwili vyeusi. Nami nimekaa na huyu kijana tangu Novemba nikimtania na hilo gongo lake jeupe kama la bibi harusi. Wakubwa hawawezi kujua, wao wanatazama miguu. Mimi nimecheza beki miaka kumi na mitano, kitu cha kwanza ninachokiona ni gongo. Nani alimwambia afunge mweupe?"

"Mimi."

"Nilijua ni wewe." Mzee akajifuta uso kwa kiganja. "Kwa nini, Mylène?"

"Nilimpenda, kocha."

"Mbwa wangu pia nampenda, simvunji mguu ili asitoke uani."

Mylène akaanza kulia. Gaudet alimwacha alie. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi moja, akaiweka mbele yake.

"Soma."

Ilikuwa barua ya Gaudet kwa timu kubwa, ya kabla ya Krismasi. Ilimtaja Mylène Doiron, mkata video hodari, na kuuliza kama wana nafasi yake huko.

"Nani alikuomba uandike hii?" Mylène aliuliza, ingawa alishajua.

"Alikuja hapa amekunja kofia yake mikononi kama mtoto aliyevunja kioo. Akasema, kocha, nikiitwa sitaki kwenda peke yangu. Walinijibu juzi. Nafasi ipo." Gaudet akairudisha barua drooni. "Ilikuwepo. Vipande vya kweli nimeshatuma mwenyewe. Sasa chagua, utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Alimkuta Colby nje kwenye maegesho, anachomoa waya wa umeme unaopasha injini ya gari isigande. Pumzi yake ilikuwa inatoka nyeupe. Alipomwona alitabasamu, na Mylène alitamani asingetabasamu.

"Gaudet kanambia anakutafuta. Kuna nini?"

"Colby, wewe unaangalia bega."

"Kumbe. Waambie wao."

"Unaangalia tangu Novemba. Wao hawajui kwa sababu sikuwaonyesha. Niliwatumia vya Oktoba."

Colby alisimama na waya mkononi.

"Kwa makosa?"

"Hapana."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Kila Jumapili," Colby alirudia taratibu. "Na Jumatatu unaniketisha pale, unaniambia rudia, angalia bega. Mimi narudia. Nikafikiri mimi ni mjinga. Nimelala macho wazi nikiwaza, Colby, una kasoro gani wewe kitu kidogo kisikuingie. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilikuwa nakuja kwako kulia, Mylène."

"Nisamehe. Niliogopa utaniacha kama Derrick."

"Mimi nilikufanya nini Derrick alichokufanya?"

"Hujanifanya kitu."

"Basi umenilipiza la nani?"

Theluji iliyosukumwa pembeni ilikuwa imewazidi kimo, na wachezaji wengine walipita wakiwapungia mkono bila kujua. Colby aliuzungusha waya taratibu, akauweka ndani ya gari.

"Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kukuomba," alisema. "Unitazame vizuri. Basi. Wengine wote wanitazame vibaya, wewe unitazame vizuri."

"Nakupenda, Colby."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana siwezi hata kukutukana."

Akaingia garini, akaondoka.

Jumatatu Mylène alipeleka barua ya kuacha kazi, kabla hawajamfukuza. Gaudet aliipokea, akaitia drooni. Alipofika mlangoni mzee akasema, "Jicho lako lilikuwa zuri kuliko langu, binti. Ndilo linaloniuma." Jumatano simu ikapigwa, na safari hii ikaenda kwa Colby. Mylène hakuambiwa na mtu. Akipita njiani aliona gari la Colby limesimama maegeshoni siku mbili, tatu, nne, waya haujachomekwa, theluji inapanda juu ya magurudumu.

Alirudi kuishi kwa mama yake. Akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akawa anakata funguo. Mama hakuuliza sana. Mara moja tu, wakimenya viazi, alisema:

"Yule kijana wa ngano haji tena kula?"

"Haji, mama."

"Kakuacha?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemfungia, akavunja mlango akatoka."

Mama akaendelea kumenya. "Viazi vya watu wawili vinatosha," alisema, akarudisha vingine kwenye mfuko.

Wiki ya tatu, Jumamosi saa kumi alasiri, simu ilitoa mlio wa ujumbe. Mylène alikuwa anafuta mikono, akausoma amesimama.

"Wameniambia nitafute nyumba. Wewe ndiye wa kwanza kujua, niliahidi. Mama bado sijamwambia. Usinijibu."

Aliusoma mpaka maneno yakachanganyika. Aliandika "Hongera," akafuta. Aliandika "Nisamehe," akafuta. Aliandika jina lake peke yake, "Colby," akalitazama muda mrefu, akalifuta pia. Ameomba asijibiwe. Angalau hilo aliweza kumpa.

Jioni mechi ilioneshwa kwenye televisheni. Mama alileta mabakuli mawili ya fricot, wakakaa kochini. Timu kubwa ikaingia barafuni, watu ishirini kwa pamoja, helmeti sawa, jezi sawa, wote wanazunguka kwa kasi. Mylène akainama mbele akatafuta utepe mweupe. Akatafuta upande huu, akatafuta upande ule. Magongo yote yalikuwa meusi.

"Yuko wapi?" mama aliuliza.

"Sijamwona bado."

"Labda hachezi leo."

Paki ilitupwa kwenye kona. Beki mmoja akageuka, akaifuata ukutani, na kabla hajaigusa akaangalia juu ya bega la kushoto, kisha la kulia, akamkwepa mtu aliyekuja kumponda, akatoka na paki kwa utulivu kabisa. Mtangazaji akasifu. Kamera ikamfuata mgongoni, na Mylène akasoma hamsini na tano.

"Yule pale, mama," alisema. "Namba hamsini na tano."