Sauti Iliyotoka Simuni

Haya alinisimulia rafiki yangu Zishan, muuza vitambaa wa Bagamoyo. Alikwenda Mapinga kuangalia kiwanja. Wanaume wawili waliodai wametumwa na wakubwa wakamsukumia ndani ya gari na kumfunga macho.

“Chumbani ulimwambia nini mkeo kuhusu serikali?”

“Ya chumbani ni yangu na mke wangu!”

Wakampiga kitako cha bunduki mpaka meno yakang’oka. Kisha, katika giza lile, akasikia simu ikibonyezwa. Sauti yake mwenyewe ikatoka, ikinong’ona na mkewe Nabila, neno kwa neno. Mara, humo humo simuni, ukafuata mlio wa mfupa kuvunjika, na sauti yake ikipiga yowe, “Mkono wangu!”

Zishan akajipapasa haraka. Mikono yake yote ilikuwa mizima.

Ndipo mmoja wao akaushika wa kulia.