Ruhusa ya Kutoka

Kompyuta ilikaa pembeni mwa sebule, na mchapaji aliitumia kuchapa barua za watu huku akilea mtoto wake mchanga. Mchana ule kilijitokeza kidirisha kidogo: programu isiyo na jina inaomba kuingia.

"Mama, kuna kitu kinapiga hodi humu," alimwambia mama mkwe wake, kwa utani tu.

Bibi wa watu, aliyekuwa jikoni akipepeta mchele, masikio yake mazito, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Karibu! Pita ndani!"

Kidirisha kikajifunga. Hakuna aliyegusa kitu, jamani. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na feni ya mashine ikaanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi.

Mchapaji akampigia simu fundi wa kompyuta.

"Ukuta wako wa moto umezimwa," fundi akasema. Huo ndio ulinzi unaochuja kinachoingia na kinachotoka kwenye kompyuta. "Uwashe, kisha zuia vyote, vinavyoingia na vinavyotoka."

Fundi alijua kompyuta, majini hakuyajua. Kiumbe cha moto ukikizungushia ukuta wa moto, si umekijengea nyumba? Mwanamke akabofya Zuia mara mbili, na papo hapo mlango ukajibana. Ufunguo ukazunguka bure. Simu ikakatika, madirisha yakagoma kama yamepigwa misumari, na joto likapanda, likapanda, mpaka mtoto pale kwenye kochi akaacha kulia akabaki kutweta, midomo imemkauka, huku mama yake akiubamiza mlango kwa kiti na kupiga mayowe yasiyofika hata barabarani, ambako watu walipita hatua tatu tu kutoka dirishani, wakicheka, bila hata mmoja kugeuka.

"Ananifia, Mama! Mwanangu ananifia!"

"Tulia," bibi akasema akitoka jikoni. "Nisomee kimeandika nini hapo kwenye kompyuta."

Akasoma kwa kunong'ona: "Kinaomba ruhusa ya kutoka. Kinasema... kinataka mwili wa kutokea. Mama, usiguse!"

"Nani aliyekikaribisha? Si mimi na domo langu hili? Mbebe mjukuu wangu, ukasimame mlangoni. Nimesema nenda!"

Bibi akabofya Ruhusu kwa kidole chenye vumbi la mchele.

Mlango ukafunguka. Hewa ikaingia. Mtoto akalia kwa nguvu zake zote, na mama yake akalia naye kwa furaha.

Mama mkwe akawapita kizingitini. Goti lililomtesa miaka kumi halikumchechemesha hata kidogo. Hakumtazama mjukuu. Jirani alimwamkia, naye akampita kimya, akaishika barabara.

"Mama! Unakwenda wapi?"

Jibu lilitoka nyuma yake, sebuleni, kwenye spika za kompyuta, kwa sauti ndogo ya kizee inayotetemeka kwa hofu:

"Niko huku, mwanangu. Huku kunaungua. Nifungulie."