Spika Zote za Chuo Zilisema kwa Sauti Yangu

"Wewe msichana wa koti la njano! Toka humo stoo sasa hivi, nakuona!"

Hiyo sauti ni yangu, ndugu zangu.

Nilidhani inasikika kwenye jengo moja tu, la maktaba.

Kumbe ilikuwa inatoka kwenye kila spika ya chuo... Madarasani. Kantini. Hosteli. Uwanjani. Wanafunzi elfu sita!

Na huyo wa koti la njano ni mwanangu wa kumzaa.

Laiti ningeishia hapo... Sikuishia.

"Sikukulea uje ujifungie na wazee! Na wewe fundi, mkeo anajua unachofanya?"

Kwenye skrini ya uwanja nikaona wachezaji wamesimama wote, wameinua vichwa. Mpira unajiviringisha wenyewe, hauna mtu.

Nikaachia kitufe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, halafu mnitukane vizuri.

Mimi ni mlinzi. Miaka kumi na moja nimesimama getini, jua langu, mvua yangu. Mwaka juzi nikaombwa nihamie chumba cha kamera. Kamera mia na ishirini, redio za walinzi, vitufe vya dharura, spika za matangazo. Kiti cha kuzunguka!

Bosi, mama mmoja asiyecheka hovyo, akaniuliza, "Maandishi ya mtambo ni Kiingereza. Utaweza?"

"Bila shaka, bosi."

Uongo mtupu. Shule niliachia darasa la tano. Kiswahili nasoma, polepole. Kiingereza nakiona kama kuta za nyumba ya mtu: nazitazama kwa nje, siingii.

Nikakariri. Kitufe cha kijani cha chini: jengo moja. Cha njano juu: redio. Chekundu pembeni: usiguse. Miaka miwili hakuna aliyejua. Mke wangu hajui. Binti yangu, mwaka wa pili hapo hapo chuoni, nilidhani naye hajui.

Halafu tukaambiwa mtambo unabadilishwa. Tukagawiwa karatasi za maelezo, na bosi akasema baada ya wiki mbili kutakuwa na mtihani. Atakayefeli anarudi getini.

Karatasi nikaikunja, nikatia mfukoni.

Siku hizo hizo ndipo nilipoanza kumwona binti yangu kwenye kamera ya korido ya chini ya maktaba. Kila siku saa nane mchana. Anafika, anatazama nyuma, anagonga mlango wa stoo ya mitambo. Anafungua fundi wetu, tunamwita Waya, mtu wa rika langu, ana kitambi na wajukuu. Mlango unafungwa. Saa nzima!

Jioni namuuliza, "Saa nane ulikuwa wapi, mama?"

"Maktaba, baba."

Hakuniangalia usoni.

Siku tisa nilimvizia hivyo. Kazi yangu ni kuangalia mageti na mabweni, mimi macho yako kwenye mlango mmoja. Hata mwizi angebeba kabati la maabara nisingemwona.

Siku ya kumi nikaona Waya amemshika bega wakiingia. Damu ikanipanda! Nikabonyeza kijani cha chini, nikashika kipaza sauti...

Lakini mtambo ulikuwa umebadilishwa asubuhi ile ile. Kijani cha chini sasa ni chuo kizima. Imeandikwa pale pale, kubwa tu! Mimi nilisoma rangi.

Dakika tatu baadaye mlango wa chumba cha kamera ukasukumwa. Bosi. Nyuma yake Waya, jasho linamtoka. Nyuma yao binti yangu, kajifunika kofia ya lile koti mpaka machoni.

"Umemwita nani mzee wa kujifungia na wasichana?" Waya akafoka. "Mke wangu yuko kantini hapo anauza chai! Amesikia kila neno!"

"Kwani mlikuwa mnafanya nini humo ndani?" nikajitutumua.

Binti yangu akatoa daftari kwenye begi. Akaliweka mezani, mbele ya skrini.

Nikafungua.

Ndugu zangu... Ilikuwa skrini yangu. Imechorwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kila kitufe kimepakwa rangi yake mpya. Chini yake Kiswahili, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. HIKI NI JENGO MOJA. HIKI NI CHUO KIZIMA, BABA, KUWA MAKINI.

"Nilikuwa nafua shati lako," akasema. "Nikakuta karatasi mfukoni. Pembeni umechora kijani, njano, nyekundu. Hakuna neno hata moja uliloandika. Nikajua."

"Akanifuata nimfundishe mtambo," Waya akasema, sauti imeshuka. "Akaniapisha nisikuambie. Hakutaka uone aibu."

Hakutaka mimi nione aibu!

Nikatafuta pa kuficha uso. Kwenye chumba kile kuna skrini kila upande.

"Mama, nisamehe..."

"Baba, ulikuwa na kamera mia na ishirini. Ukashindwa kuniuliza swali moja?"

"Nilikuuliza."

"Uliuliza niko wapi. Hukuuliza kuna nini."

Akaondoka. Kwenye skrini nikamfuata kwa macho, korido hadi korido, na kila alipopita watu walikuwa wananong'onezana. Bosi akanyoosha mkono, akazima ile skrini.

Nikamwomba anipe spika dakika moja tu, niombe radhi.

"Hizo ni za dharura," akasema. "Umezitumia vya kutosha."

Siku hizi niko getini. Mke wa Waya nilimwendea, akanimwagia maneno nikayapokea yote. Binti yangu anapitia geti la nyuma.

Daftari? Bosi alilichukua, akalitolea nakala. Limebandikwa ukutani chumba cha kamera. Kumbe walinzi wanne kati yetu sita walikuwa wanakariri rangi kama mimi! Wote walifaulu mtihani.

Ukurasa wa mwisho waliniachia. Umeandikwa: UKIKWAMA NIPIGIE, BABA. NITAKUJA.

Wazazi wenzangu, usiyoyajua yaseme mapema, nyumbani kwako, kwa sauti ndogo. Mimi niliyaficha miaka miwili yakatokea kwenye spika.

Hii nimeiandika mwenyewe, siku nne, kidole kimoja. Kabla ya kuiweka hapa nilimtumia mwanangu.

Amejibu sasa hivi, neno la kwanza tangu siku ile:

"Iweke, baba. Wasome wote elfu sita."