Aliyevunja Kompyuta Mbovu

Saa nane kasoro mchana, watu wakirudi kutoka kula, binti wa mwenye kiwanda cha uchapaji alifungua chumba cha kompyuta na kupiga ukelele uliosimamisha mtaa.

Kompyuta mbili zilizokaa chini ya meza zilikuwa zimepondwa kwa nyundo, na nyundo yenyewe imelala sakafuni. Taa ilikuwa inawaka. Mlango haukuvunjwa, ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mashine ya kukatia karatasi, mahali kila mfanyakazi anapopajua.

Ndani ya kompyuta moja ulikuwamo mfumo wa kupokea oda mtandaoni. Binti aliujenga mwenyewe, na ulikuwa ufunguliwe Jumatatu. Wateja walikuwa wanahamia kwa wachapaji wanaopokea oda kwa simu, na baba yake alishasema wazi: mfumo huu ukishindikana, kiwanda kinafungwa.

"Ni wewe!" Baba akamnyooshea kidole. "Jana si ulisema utauzima nisione hata oda moja?"

"Nilisema kwa hasira, baba! Uliniita mshona viraka!"

"Polisi nimeshawapigia. Wakija wanakuchukua wewe."

Binti akakaa chini katikati ya vipande. Hakulia tena. Mjomba wake, mpelelezi mstaafu aliyekuwa amekuja tu kula mchana na shemeji yake, akaona macho yale, akamgeukia baba.

"Shemeji, nipe mpaka hao polisi wafike."

"Utamtetea. Ni mpwa wako."

"Muulize mkeo kama huwa natetea ndugu. Kaka yetu mkubwa nilimfunga mimi."

Mjomba akainama. Kompyuta ya kushoto ilikuwa imebandikwa karatasi yenye herufi kubwa nyekundu: MBOVU, HAINA KITU. Hiyo ndiyo iliyosagwa ikawa unga, ikabaki karatasi tu. Ya kulia, yenye karatasi iliyoandikwa MFUMO MPYA, ilipigwa mara chache tu, lakini za kutosha. Mezani kulikuwa na kidude cha kuhifadhia kazi, kizima, kimeandikwa NAKALA YA MFUMO. Kando yake palikaa rundo la karatasi, kingo zake zimenyooka kama tofali.

"Unaona?" Baba akasema. "Nani mwingine angeiacha nakala? Kavunja chombo, kahifadhi kazi yake. Alitaka kunitia adabu tu."

Mjomba akakigeuza kile kidude. Kila alichokishika kilimkazia kitanzi mtoto wa dada yake.

"Mjomba," binti akanong'ona, "zile karatasi niliziacha zimetapakaa. Sijui nani kazipanga."

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mpokea oda wa kaunta, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Mfumo huu ulikuwa unakula riziki yako," Mjomba akaanza.

"Riziki na sahani yake! Lakini mimi nilikuwa mgahawani, naongea."

"Nani alikusikia?"

"Nani hakunisikia?"

"Kazi yako hapa hasa ni ipi?"

"Napokea oda, naiandika, naenda kumsomea Fundi Wino pale mashineni. Yule mzee miwani anaisahau nyumbani kila siku ya Mungu. Mimi ndiye macho yake."

"Na rundo la mle ndani, ulilipanga wewe?"

Redio akaionyesha kaunta yake. Karatasi zilikaa kama kiota cha kuku. "Nikipanga hizi, nitajua nimekufa."

Fundi Wino alikuwa mashineni, mahali alipokula mchana siku zote. Alianza kazi hapo kabla binti hajazaliwa, na ndiye aliyembeba binti mgongoni wakati mama yake alipokuwa akichambua karatasi. Juu ya mashine palifungwa kioo kipya. Kilikuwa kimefunikwa tambara la mafuta.

"Hiki nini, Fundi?"

"Kioo cha oda, zitakuwa zinatokea hapa zimeandikwa. Mwanangu, huyu binti wa bosi, kanifungia jana. Anasema Jumatatu nianze kusoma mwenyewe, nisimsumbue Redio."

"Mbona umekifunika?"

"Vumbi."

"Mchana huu uliona mtu akienda kule chumbani?"

"Mashine ikilia, mimi sisikii wala sioni."

Huku akijibu, Fundi alichota karatasi zilizotoka mashineni, akazipepea ziingie hewa, akazigonga mezani upande mmoja, akazigeuza, akazigonga wa pili. Kingo zikanyooka kama tofali. Mikono yake hata hakuitazama.

Mjomba aliitazama, akatamani asingekuwa ameitazama. Nje, gari la polisi likasimama.

Akawaita wote kwenye chumba cha kompyuta, na askari akasimama mlangoni.

"Binti angetaka kuua mfumo, angeufuta kwa simu akiwa kitandani. Nyundo ya nini? Redio angetaka kuuua, angebeba na nakala, maana imeandikwa wazi juu yake. Aliyeingia humu alikuwa na taa na maandishi makubwa, na bado hakujua kompyuta ipi ni ipi. Akaimaliza ile maiti, kisha akaingiwa na shaka, akaipiga na nyingine. Alipotaka kutoka, mikono yake ikafanya isichoweza kuacha kufanya. Ikanyoosha karatasi."

Akavua miwani yake. "Fundi, vaa yangu. Nisomee pale palipobandikwa."

Fundi Wino akaivaa. Akainamia karatasi ya kompyuta ya kushoto.

"Nyekundu imeshika vizuri," akasema.

"Imeandikwaje?"

Fundi akainyoosha kona ya karatasi iliyokunjika.

"Fundi?" Baba akasogea. "Wewe umenichapia vitabu miaka yote hii!"

"Nimechapa, bosi. Herufi nazijua zote kwa sura, kama unavyowajua majirani usioongea nao. Ikivunjika naiona. Ikipinda naiona. Haijawahi kuniambia kitu."

"Si ungesema!"

"Nikuambie wewe? Uliponiuliza kama nasoma, nilisema ndiyo, ndipo ukanipa mashine. Uongo ukazeeka na mimi. Halafu jana mtoto akanifungia kioo usoni."

Binti akainuka. "Ulimsikia baba akisema polisi watanichukua. Ukarudi mashineni."

"Ningesema, mwanangu. Wangekuingiza kwenye gari, ningesema."

"Ulikuwa unasubiri gari?"



Askari akaandika maelezo ya Fundi pale pale mezani, kisha akamsogezea. "Yasome, ukikubali utie dole gumba au sahihi."

Fundi Wino aliichukua karatasi. Akaipapasa kwa kidole, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, kama kazi iliyotoka mashineni anayopaswa kuipitisha. Kisha akavua miwani ya mpelelezi na kuiweka mezani. Mkono wake ukaelekea kwa Redio kwa mazoea, ukarudi, ukaelekea kwa binti.

"Nisomee," akasema. "Miwani sina. Sijawahi kuwa nayo."

Binti aliitazama ile karatasi. Mwishowe akaipokea, akafuta macho kwa kiganja, na akaanza kumsomea polepole, akiweka kidole chini ya kila neno ili na yeye alione.